Sola ya kioo au sola ya kupinda: ipi ikae kwenye mtumbwi wa tanga?

Tuseme umesimama dukani Katoro, mkoani Geita, mbele ya paneli mbili za sola. Zote zimeandikwa wati 100. Ya kwanza ni ile tuliyoizoea: kioo mbele, fremu ya alumini pembeni, nzito kiasi. Ya pili ni nyembamba kama jalada la daftari gumu, haina kioo wala fremu, na muuzaji anaipinda mbele yako kukuonyesha kwamba haivunjiki. Wewe una mtumbwi wa tanga kule Nkome, na unataka taa, redio na chaji ya simu ukiwa ziwani. Utachukua ipi?

Muuzaji huyo anaweza kuwa anaijua kazi yake vizuri kabisa. Lakini Katoro ni mji wa dhahabu. Mchimbaji wa Rwamagasa au Nyarugusu anafunga paneli yake juu ya bati, au kwenye miti pembeni ya duara, na ikishafungwa haisogei. Haipigwi na wimbi, haikanyagwi, na hakuna tanga linalopita juu yake. Ushauri unaofaa duarani unaweza kukuacha gizani ziwani.

Na giza la ziwani si la mzaha. Usiku upepo hutoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya Ziwa Victoria, ambako maji bado yana joto. Hewa inapanda, mawingu yanajijenga, na ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani hupiga usiku kuelekea alfajiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inatoa utabiri kwa watumiaji wa ziwa, lakini utabiri wa redioni au kwenye simu haumfikii mtu ambaye simu yake imezima. Mtumbwi usio na taa nao hauonekani na chombo kikubwa kinachokuja mbele yake. Kwa hiyo hili ni swali la usalama kwanza, pesa baadaye.

Ndani ni kitu kilekile

Tuanze na jina, maana linapotosha watu. Ukiambiwa "paneli ya kupinda" unadhani kila kilichomo ndani yake kinapinda. Sivyo. Nyingi kati ya hizo zina seli za silikoni zilezile zilizomo kwenye paneli ya kioo. Ni teknolojia iliyoanza kuonekana na maana mwaka 1954, pale watafiti wa maabara ya Bell huko Marekani walipotengeneza seli ya silikoni yenye ufanisi wa asilimia 6 hivi. Leo paneli nzuri ya kawaida inapita asilimia 20, yaani katika kila wati 100 za jua zinazoiangukia, 20 na ushee zinageuka umeme.

Seli yenyewe ni kipande cha silikoni chenye unene wa milimita 0.15 hadi 0.18, kama nywele mbili zikilazwa moja juu ya nyingine. Ukiishika peke yake na kuikunja, inakatika kama biskuti. Inavumilia kupindwa kidogo, basi. Kinachotofautisha paneli zetu mbili ni nguo waliyoivisha hiyo seli.

Paneli ya kioo imevishwa kioo kigumu, mara nyingi cha milimita 3.2, kilichopashwa moto mkali na kupozwa haraka ili kipate nguvu. Katika majaribio ya kimataifa ya paneli za aina hii, inapigwa na vipande vya barafu vyenye kipenyo cha milimita 25 kwa mwendo wa mita 23 kwa sekunde, na inatakiwa ibaki nzima. Mvua ya mawe ya Shinyanga haiitishi.

Paneli ya kupinda imevishwa plastiki. Zile za bei rahisi zina PET, plastiki ileile ya chupa za maji. Zile bora zina ETFE, ndugu wa ile Tefloni ya kwenye vikaango. Tofauti hii ni kubwa kwetu. Ziwa Victoria lipo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari na karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mionzi ya urujuanimno ni mikali. Umeshaona chupa ya maji iliyoachwa juani miezi kadhaa: inafifia, inakauka, inapasuka. PET iliyo juu ya paneli inaelekea hukohuko, na ikishafifia, mwanga haupiti vizuri.

Kuna aina ya tatu, ambayo haina vipande vya silikoni bali utando mwembamba wa madini mengine, na hiyo inapinda kwelikweli. Ila kwa kawaida inahitaji eneo kubwa zaidi kutoa wati zilezile. Ukionyeshwa paneli ya kupinda na ukaona vipande vya mraba vyeusi vimepangwa ndani yake, jua ni silikoni ileile. Ukiikanyaga, plastiki itarudi kama ilivyokuwa, lakini seli zitabaki na nyufa ambazo macho hayazioni. Ufa unakua kila wimbi linapotikisa chombo. Baadaye sehemu yenye ufa inaanza kupata moto, na siku moja unaona doa la kahawia kwenye paneli. Hapo imekwisha.

Adui wa tanga ni kivuli

Hapa ndipo mtumbwi wa tanga unapotofautiana na paa la bati. Paneli nyingi za wati 100 za kuchajia betri ya volti 12 zina seli 36 zilizofungwa kwa mfululizo, kama watu waliopanga mstari kupokezana ndoo za maji. Kila seli inatoa karibu nusu volti, zote pamoja zinafika volti 18 hivi zikiwa kazini. Mtu mmoja kwenye mstari akisinzia, ndoo zinasimama kwa wote.

Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo wanaweka dayodi, kijinjia cha pembeni cha kuuruka upande wenye kivuli. Kwa kawaida ni dayodi mbili, kila moja inahudumia seli 18. Sasa fanya hesabu. Kivuli cha mlingoti kikiziba seli chache upande mmoja, dayodi inauruka upande huo, unabaki na seli 18, yaani volti 9 hivi. Je, volti 9 zinaweza kuchaji betri ya volti 12? Haziwezi. Ni sawa na kutaka maji yapande mlima bila pampu. Kivuli chembamba cha mlingoti kinaweza kuiondoa kazini paneli nzima, iwe ya kioo au ya kupinda.

Ukiwa na multimita au kontrola inayoonyesha ampea, jaribu mwenyewe. Unganisha paneli na betri kupitia kontrola saa sita mchana, soma ampea zinazoingia, kisha ziba seli moja kwa kiganja na usome tena. Usipime volti za paneli ikiwa haijaunganishwa na kitu, maana zitakudanganya. Paneli iliyo kivulini inaweza kusoma volti nyingi tu huku haina nguvu ya kuchaji chochote.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "kioo au kupinda", uliza "kivuli kitapita wapi?" Tanga na foromali vinahama upande kila unapogeuza chombo, na kivuli kinahama navyo. Dawa ni mbili. Ya kwanza, weka paneli tezi, nyuma kabisa, mbali na mlingoti. Ya pili, badala ya paneli moja ya wati 100, funga mbili za wati 50, moja kila upande, na uziunganishe sambamba: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Tanga likifunika moja, nyingine inaendelea na volti zake 18. Mpangilio huu unaweza kukufaa kuliko tofauti yote ya kioo na plastiki.

Vivuli vidogo navyo havifai kudharauliwa. Mnandi akitua na kuacha alama yake, seli moja imezibwa. Wale wadudu wadogo wanaopaa juu ya ziwa kama moshi wakigandia kwenye paneli, nayo inazibwa. Huku kwenye machimbo ni vumbi la makarasha. Kitambaa laini na maji vinatosha. Plastiki usiisugue kwa mchanga wala kwa steelwire ya masufuria, kwa sababu inakwaruzika upesi kuliko kioo.

Joto linaiba umeme

Zile wati 100 zilizoandikwa nyuma ya paneli zilipimwa kiwandani seli zikiwa na nyuzi joto 25. Ziwani saa saba mchana seli haziko hivyo hata kidogo. Kila nyuzi moja inayozidi 25 inapunguza karibu asilimia 0.4 ya nguvu.

Paneli ya kioo iliyoinuliwa kwenye fremu, upepo ukipita chini yake, inaweza kuwa na nyuzi 55. Ziada ni 30, hasara asilimia 12, unabaki na wati 88. Paneli ya kupinda iliyogundishwa moja kwa moja kwenye mbao haina pa kupumulia, na inaweza kufika nyuzi 70. Ziada 45, hasara asilimia 18, unabaki na wati 82. Tofauti ya wati sita si kubwa, lakini joto hilohilo ndilo linalochosha gundi na plastiki mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana ukiamua kutumia ya kupinda, igundishe kwanza kwenye ubao mwembamba au kipande cha faiba, kisha huo ubao uuinue sentimita mbili au tatu juu ya sitaha.

Kuhusu kuilaza au kuiinamisha, usijisumbue. Geita iko digrii 3 hivi kusini mwa ikweta, jua linapita karibu na utosi muda mwingi wa mwaka. Hata mwezi Juni, jua likiwa limekwenda kaskazini kabisa, paneli iliyolala inapoteza kama asilimia 10 tu saa sita mchana. Mwinamo mdogo unasaidia mvua kuosha uchafu, si zaidi ya hapo.

Uzito na upepo

Hapa paneli ya kupinda inapata pointi zake. Ya kioo ya wati 100 ina kilo 6 hadi 8. Ya kupinda ina kilo 2 hivi. Tofauti ni kama kilo 5, nusu ya ndoo ya lita 10. Kwa mtumbwi unaobeba nyavu, watu na samaki, nusu ndoo iliyo chini haina shida. Nusu ndoo iliyo juu ya nguzo ni habari nyingine, kwa sababu kila kilo inayopanda juu inapunguza utulivu wa chombo.

Upepo una shida kubwa zaidi. Paneli hiyo ina eneo la nusu mita ya mraba na kidogo. Ikisimamishwa kwenye nguzo na kupigwa na upepo wa mita 15 kwa sekunde, ambao kwenye dhoruba ni wa kawaida, inasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 8. Umefunga tanga la pili ambalo huwezi kulikunja. Kwa hiyo paneli ya kioo ikae chini, ilale, ifungwe kwa bolti, isipandishwe juu.

Kama uzito ndio unaokusumbua, angalia betri kabla ya paneli. Betri ya asidi ya ampea-saa 60 inaweza kufika kilo 17 au zaidi, na haipendi kutumiwa zaidi ya nusu. Ya lithiamu ya ampea-saa 40 ina kama kilo 5, na unaweza kutumia asilimia 80 yake bila kuiumiza. Ukibadili betri unaokoa kilo 12, ukibadili paneli unaokoa 5.

Umri na pesa

Paneli za kioo za viwanda vinavyoeleweka huja na dhamana ya kutoa umeme kwa miaka 25. Za kupinda dhamana yake mara nyingi ni mwaka mmoja hadi mitano. Hapo mtengenezaji mwenyewe amekwambia anavyoiamini kazi yake.

Usilinganishe bei ya dukani peke yake, gawanya bei kwa miaka. Tuseme ya kupinda ni ghali mara mbili na itadumu miaka 4, na ya kioo itadumu 20. Kwa kila mwaka wa mwanga, ya kupinda imekugharimu mara kumi. Wenye pesa kubwa wanaipiga hesabu hiyo pia. Kwenye mradi wa umeme wa jua wa TANESCO kule Ngunga, wilayani Kishapu, Shinyanga, uliopangwa kufika megawati 150 kwa kuanza na awamu ya megawati 50, kazi inafanywa na paneli za kioo.

Tuna bahati moja ambayo wenzetu wa Tanga na Kilwa hawana: maji yetu hayana chumvi, kwa hiyo fremu ya alumini na bolti haziliwi haraka kama baharini. Viungo vya waya vizibwe vizuri hata hivyo.

Je, lazima ikae mtumbwini?

Tupige hesabu ya usiku mmoja. Taa tatu za LED za wati 10 kwa saa 9 ni wati-saa 270. Simu mbili ni kama 30. Redio ya wati 5 kwa saa nne ni 20. Jumla 320. Paneli ya wati 100 kwa saa 5 za jua kamili inatoa 500 kwenye karatasi. Joto, uchafu, waya na betri vikichukua theluthi moja, unabaki na 330 hivi. Imetosha, lakini kwa shida. Kivuli cha tanga cha saa mbili tu kinakulaza gizani.

Sasa jiulize: mvuvi wa dagaa anafanya kazi lini? Usiku, kipindi cha giza, mwezi ukiwa haupo. Mchana mtumbwi umelala mwaloni. Paneli inafanya kazi mchana, taa zinafanya kazi usiku, na chombo kinarudi kila asubuhi. Kwa mvuvi kama huyu paneli haina sababu ya kwenda ziwani. Ifungwe juu ya bati nchi kavu, ambako hakuna mlingoti wala wimbi na kuna mtu wa kuilinda, kisha jioni ibebwe betri peke yake. Na nchi kavu uzito si hoja, kwa hiyo ni kioo, tena hata wati 200 ukiweza.

Anayehitaji paneli chomboni ni yule anayelala nje: anayefuata sangara siku kadhaa, au anayesafirisha mizigo kati ya mwambao wa Chato na visiwani. Kwake jibu linakwenda hivi. Kama kuna sehemu bapa, ya chini, isiyokanyagwa na isiyo na kivuli cha kudumu, funga mbili za kioo za wati 50. Kama sehemu pekee iliyopo imepinda, mfano paa la kibanda cha chombo, au chombo ni chepesi kiasi cha kuyumbishwa na kilo chache, hapo ya kupinda imepata kazi yake halali. Na kama wafanyakazi ni peku na vyuma vizito vinarushwa huku na kule, kumbuka kioo kikivunjika kinamwaga vipande vidogo sitahani, cha plastiki hakimwagi. Ila ukichukua ya kupinda, iwe ya ETFE, na uitunze kama kwamba ni ya kioo: juu ya ubao mgumu, hewa ipite chini yake, mtu asiikanyage, na isikunjwe kila siku kwenda na kurudi.

Kwa hiyo ukirudi dukani Katoro, muuzaji akianza kuipinda mbele yako, mwache amalize. Kisha muulize maswali matatu. Juu kuna ETFE au PET? Dhamana ni ya miaka mingapi, na imeandikwa wapi? Ndani kuna dayodi ngapi? Akikujibu yote bila kubabaika, umepata mtu wa kufanya naye biashara. Na ile aliyoipinda kukuonyesha, usiichukue hiyo. Omba nyingine iliyo bado kwenye boksi.